Usingoje Akuombe

Katika maneno yote tunayomwambia rafiki aliyeelemewa, hakuna tunayoyasema kwa moyo mweupe kama haya: "Ukiwa na shida yoyote, we nipigie tu." Tunayasema mlangoni tukiaga, na tunayamaanisha. Kwa aliyefiwa au anayeuguza, yanafaa. Kwa mwenye sonona hayafiki popote, kwa sababu ili apige simu hiyo inabidi kwanza ajue anachokihitaji, kisha aamini kwamba anastahili kusaidiwa, kisha apate nguvu ya kushika simu, na mwisho aivumilie aibu ya kujieleza. Mambo hayo manne ndiyo ugonjwa wenyewe unayomnyang'anya.

Naandika kwa ajili yako wewe mwenye rafiki wa namna hiyo, au unayehisi kwamba unaye. Ombi langu ni moja na mengine yote yatatoka humo: msaada wako usimtake yeye aanze. Anza wewe, kwa jambo dogo, na ukishaanza rudi tena.

Huzuni humpata kila mtu, na si kila huzuni ni sonona. Madaktari hutazama kipindi cha wiki mbili au zaidi ambapo mtu, karibu kila siku na kwa sehemu kubwa ya siku, amejaa huzuni au amepoteza kabisa hamu ya yale aliyokuwa akiyapenda. Usingizi unaharibika: anaamka saa tisa usiku na hapati tena, au analala mchana kutwa. Chakula hakimpiti, au anakula bila kuhisi ladha. Mwili unachoka bila kazi, akili haitulii kwenye jambo moja, anajilaumu kwa makosa ambayo wengine walikwisha kuyasahau, na baadhi huanza kukiwaza kifo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu zaidi ya milioni 280 duniani wanaishi na hali hii, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, na kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati zaidi ya robo tatu ya wenye magonjwa ya akili hawapati matibabu yoyote.

Kwetu sonona mara nyingi huingia bila kujitambulisha. Inakuja kama kichwa kisichopona, mgongo, moyo kwenda mbio, tumbo kujaa gesi, mwili kuwaka moto. Mtu anapima malaria, hana. Anapima taifodi, anapewa dawa. Daktari wa tatu anamwambia ni vidonda vya tumbo. Akirudi nyumbani anasema, "Nina mawazo tu." Mwanamume anaweza asionyeshe huzuni hata kidogo, ila anakuwa mkali, anagombana kijiweni kwa neno dogo, anaanza kunywa tangu mchana. Mama aliyejifungua miezi miwili iliyopita anaambiwa ni uchovu wa kulea. Mwanafunzi wa chuo anaacha kuingia darasani, wenzake wanasema mji umemlewesha.

Hapo wewe una kitu ambacho hata daktari bingwa hana: unamjua alivyokuwa. Unajua kwamba huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika uwanjani Jumapili, na sasa hata viatu vya mpira amegawa. Unajua kwamba yule fundi cherehani hakuwahi kulaza nguo ya mteja, na leo vitambaa vya Idi iliyopita bado vimekunjwa kwenye kiti. Kuna pia anayeendelea kucheka na kutuma vichekesho kwenye kikundi cha WhatsApp, ila ukienda kwake unakuta vyombo vya siku tatu na pazia halijafunguliwa. Tazama mabadiliko hayo kuliko kutazama machozi. Wenye sonona wengi hawalii. Wanakuambia hawahisi chochote.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo hutajwa sana mtu wa aina hii anapogundulika. Naona tunamwonea. Anayeficha jipu amechagua kuficha. Mwenye sonona anafichwa na ugonjwa wake, unaomnong'oneza kwamba hana tatizo ila uvivu, kwamba atawachosha watu, kwamba hata akisema hakuna litakalobadilika. Kungoja ajitokeze mwenyewe ni kungoja ugonjwa umpe ruhusa.

Sasa, unaanzaje? Salamu zetu ni nzuri na ndefu, lakini majibu yake yamekwisha kupangwa. Za nyumbani, nzuri, za kazi, tunashukuru, watoto, wazima. Mtu anaweza kuzipita zote huku anaangamia. Kwa hiyo salimia kama kawaida, kaeni kidogo, kisha uliza mara ya pili kwa kutaja ulichokiona kwa macho yako. "Ndugu yangu, tangu mwezi uliopita sikuoni mazoezini, na leo naona umepungua. Nimekuwa nakuwaza. Usiku unalala kweli?" Swali la usingizi ni mlango mzuri, kwa sababu halina aibu. Mtu ambaye hatakubali kamwe kwamba ana huzuni atakuambia kwamba halali, na kutoka kwenye kutolala mtafika kwenye kile anachokiwaza wakati wenzake wamelala.

Chagua mahali. Chumba cha kupanga chenye ukuta wa mbao na majirani watano uani si mahali pa kuulizia habari za moyo. Mchukue mtembee, au mfanye kazi ya mikono pamoja: kuchambua mchele, kuosha pikipiki, kufua. Maneno mazito hutoka kwa urahisi macho yakiwa kwenye kazi. Zima simu yako, au igeuze. Akinyamaza, nyamaza naye. Usikimbilie kujaza kimya hicho kwa hadithi ya shangazi yako aliyepitia makubwa zaidi.

Na akishafungua kinywa, kazi kubwa ni kujizuia. Kuna maneno yanatutoka yenyewe. "Jikaze." "Piga moyo konde." "Mwanaume halii." "Mshukuru Mungu, wapo wenye shida kuliko wewe." "Mbona una kila kitu, unawaza nini?" Hili la mwisho ndilo linaloumiza kuliko yote, maana yeye mwenyewe hujiuliza swali hilohilo kila usiku na kutokuwa na jibu ndiko kunakomfanya ajione mkosefu. Huhitaji hekima kubwa badala ya maneno hayo. "Pole sana. Sikujua kwamba umekuwa ukibeba hivi peke yako." "Ni ugonjwa, hujajitakia." "Nitakuja tena Alhamisi." Kati ya hayo matatu, la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote, mradi Alhamisi ikifika uje kweli.

Wapo watakaosema kwamba rafiki wa kawaida hawezi kitu hapa, aachiwe daktari. Ningependa wasikie habari za Zimbabwe. Mwaka 2006, Dk. Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari wachache sana wa magonjwa ya akili nchini humo, alianza kufanya kazi na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Alifunguliwa macho na msiba: mgonjwa wake, msichana aliyekuwa akiishi mbali na mji, alijiua baada ya familia yake kukosa nauli ya basi ya dola 15 kumfikisha kwake. Akaona kwamba hospitali haiwezi kuendelea kuwangoja watu, na kwamba msaada sharti uwafuate walipo. Bibi wale walifundishwa kusikiliza na kumwongoza mtu kutatua shida zake, wakawekewa mabenchi ya mbao nje ya zahanati, na mradi ukaitwa Benchi la Urafiki. Ulipopimwa katika zahanati 24 za Harare kwa watu 573, matokeo yakachapishwa Marekani mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona miongoni mwa waliokaa na bibi walikuwa kama 14 katika kila 100, na miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa kama 50. Mpango huo baadaye ulipelekwa Malawi, na hata Zanzibar.

Bibi hawa hawakuwa na shahada, ingawa walikuwa na mafunzo na wasimamizi, na sitaki kukudanganya kwamba mimi na wewe tukikaa tu kwenye benchi tunakuwa sawa nao. Lakini utaratibu wao unaweza kuuazima. Kwanza wanamwacha mtu amwage yote: deni, mume, mtoto mgonjwa, kodi. Kisha wanamwomba achague moja, moja tu, lile analoona linashikika. Halafu wanapanga naye hatua ndogo ambayo anaweza kuifanya kabla ya kuonana tena, na wakionana wanaiulizia. Mwenye sonona anayaona matatizo yake yote kwa pamoja, yamefungamana, na ndiyo maana hasogei. Ukimsaidia kulitenga moja, hata kama ni kwenda kwa mwenye nyumba kuomba aongezewe wiki mbili za kulipa kodi, umempa mahali pa kushika.

Na hapo kwa mwenye nyumba nenda naye. Au nenda wewe, akiridhia.

Hebu tuingie kwenye mambo ya mikono, maana ndipo urafiki unapopimwa. Chukulia rafiki yako ana genge la mboga na watoto wawili, na kwa wiki tatu genge limefunguliwa siku moja moja. Usimuulize, "Nikusaidie nini?" Swali hilo ni kazi nyingine umempa. Sema, "Kesho saa kumi na mbili napita sokoni, nitakuletea fungu la mchicha na nyanya, tufungue wote mpaka saa nne." Mnunulie umeme. Wachukue watoto Jumamosi. Leta chakula kilichopikwa, si unga, kwa sababu unga unahitaji mtu wa kusonga. Jaza ndoo. Kama ameajiriwa, msaidie kuandika ujumbe kwa mkubwa wake wa kazi kabla hajafukuzwa kwa utoro. Ujumbe mfupi wa kusema anaumwa na atapeleka cheti cha daktari unaweza kuokoa mshahara wa familia nzima.

Ujumbe wa simu uwe wa namna ambayo haudai jibu. "Mambo. Nimekukumbuka tu, usihangaike kujibu. Jioni napita." Ukimwandikia "Mbona hujibu? Umenichoka?" unamwongezea deni la hatia. Akikwambia usije, muulize kama ni leo au kabisa, kisha jaribu tena keshokutwa. Atakukatalia mara nyingi. Usihesabu, na usilichukue kama tusi.

Kutoka nje kuna faida ambayo watu wengi hawaijui inavyofanya kazi. Sisi wazima husubiri hamu ije ndipo tufanye jambo. Kwa mwenye sonona hamu haiji ikisubiriwa. Mara nyingi inakuja baadaye, mtu akiwa ameshaanza kufanya, na mwanzoni inakuja kidogo mno. Ndiyo maana matibabu mojawapo ya sonona ni kupanga shughuli ndogo ndogo na kuzifanya hata bila hamu. Kuoga na kukaa kibarazani juani. Kutembea hadi kwa mama ntilie na kurudi. Wiki ijayo kupita kona moja zaidi. Usimlete kwenye harusi yenye watu 400 ukitegemea muziki utamchangamsha. Ngoma kubwa humrudisha nyumbani akiwa amechoka zaidi, akiwa pia na ushahidi mpya kwamba yeye si mtu wa kawaida. Pombe nayo muepushe, kwa upole. Humpa saa mbili za nafuu na kumharibia usiku na kesho yake.

Hospitali. Hapa ndipo wengi hukwama, na kwa sababu zinazoeleweka. Kwa miaka mingi kutajiwa Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi au Kidongo Chekundu ya Zanzibar kumekuwa tusi mitaani, na mtu anayeweza kuvaa, kuhesabu chenji na kuendesha daladala hataki kusikia habari za "hospitali ya vichaa". Mweleze ukweli: wengi wenye sonona hawalazwi. Wanaonwa kama wagonjwa wa nje, wanazungumza na mtoa huduma, wengine wanapewa dawa, wanarudi nyumbani. Si lazima kuanzia juu. Anzeni kituo cha afya au hospitali ya wilaya, muulize kama kuna muuguzi au daktari wa afya ya akili na anapatikana siku gani, kwa sababu mahali pengi hayupo kila siku. Ulizia wewe kabla, peke yako. Kumpeleka mtu aliyejikokota kwa juhudi zote halafu mkaambiwa mrudi Jumanne kunaweza kumkatisha tamaa kabisa.

Siku ya kwenda, mpitie nyumbani. Nauli iwe mfukoni mwako. Foleni ni ndefu, basi chukua maji na kitu cha kutafuna. Kabla ya siku hiyo kaeni mwandike kwenye karatasi: yalianza lini, usingizi ukoje, chakula, maumivu, dawa anazotumia, pombe, kama kuna ndugu aliyewahi kuugua hivi, kama kuna wakati aliwahi kuwa na nguvu kupita kiasi, halali, anatumia fedha ovyo na kusema haraka haraka. Hilo la mwisho ni muhimu sana, kwa kuwa kuna ugonjwa mwingine wa akili wenye vipindi vya kupanda na kushuka, na tiba yake ni tofauti. Daktari mzuri atapima pia upungufu wa damu na tezi ya shingo, ambavyo huweza kumchosha na kumzubaisha mtu vivyo hivyo. Akikubali uingie naye chumbani, ingia. Asipokubali, kaa nje umsubiri.

Akiandikiwa dawa, jueni mapema mambo matatu. La kwanza, dawa za sonona kama fluoksetini na amitriptilini hazifanyi kazi kama panadol. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, na kutulia vizuri huchukua zaidi ya hapo, ilhali madhara madogo kama kichefuchefu, kinywa kukauka au usingizi mzito huja siku za kwanza. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho mtu anaonja ubaya wa dawa bila uzuri wake, na wengi huziacha hapo hapo. Huu ndio wakati wa kuwa karibu kuliko wakati mwingine wowote. La pili, akishapona asiache. Madaktari huwataka waendelee kwa miezi kadhaa, mara nyingi tisa hadi kumi na miwili, na kuacha kufanyike taratibu kwa maelekezo yao. La tatu, baadhi ya dawa hizi ni za hatari zikimezwa nyingi kwa mkupuo. Kama kuna hofu yoyote juu ya uhai wake, zitunze wewe au ndugu, mumpe za siku chache chache. Na kama dirishani dawa hakuna mkaambiwa mkanunue nje, usimwachie yeye azunguke na cheti cha dawa maduka manne.

Kuhusu imani, nitasema ninavyoona. Sala, dua, ziara ya padri, mchungaji au shekhe anayemjua mtu na kumpenda, hivyo ni msaada halisi. Mwenye imani ambaye haoni tena ladha ya sala anahitaji watu wa kusali karibu naye bila kumkemea. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Ugomvi wangu ni na yule anayemwambia mgonjwa kwamba dawa ni dalili ya kukosa imani, au anayetaka afunge siku tatu wakati hali tangu juzi, au anayemfunga kamba na kumchapa ili "kitu" kimtoke. Hapo simama katikati, hata kama mwenye kusema ni mtu mwenye heshima zake. Viongozi wa dini wengi wakifuatwa kwa adabu na kuelezwa kwamba ni ugonjwa unaotibika, wao ndio humwambia mgonjwa ameze dawa na kusali, na neno lao likamfikia pale ambapo lako halikufika.

Sasa jambo zito kuliko yote. Uliza kuhusu kujiua. Uliza kwa maneno yaliyonyooka: "Kuna wakati unawaza kujiua?" Watu wanaogopa kwamba swali litampandikizia wazo. Tafiti zimelichunguza hilo kwa miaka na hazikuona kwamba kuuliza kunaongeza hatari. Wengi huhisi wametuliwa mzigo. Usiulize kwa namna ya kumfunga mdomo, kama "Huwezi kufikiria ujinga kama ule, si ndiyo?" Akisema ndiyo, usipige kelele, usimhubirie kuhusu dhambi. Muulize kama amepanga namna na wakati. Kama amepanga, usimwache peke yake hata kwa nusu saa. Mwite mtu mwingine unayemwamini, mtoe karibu na vitu vya hatari, na hapa namaanisha dawa za shamba, vidonge na kamba, kisha mpelekeni hospitali siku ile ile. Kuondoa vitu hivyo kunaonekana jambo dogo, lakini wimbi la kutaka kufa mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya muda mfupi, na aliyevushwa muda huo akakosa cha kutumia ana nafasi kubwa ya kuishi. Jihadhari pia na utulivu wa ghafla: aliyekuwa na dhiki nzito akaamka mwepesi, akaanza kugawa vitu vyake, kulipa vijideni na kuaga watu, asifurahiwe haraka. Muulize tena.

Akikuomba uapie kwamba hutamwambia mtu, usiape. "Mengine yote yatabaki kwangu. Hili la uhai wako siwezi kulibeba peke yangu, kwa sababu nakutaka uwepo." Atakasirika. Hasira yake mtaimaliza baadaye.

Hofu ya polisi huchelewesha familia nyingi kumpeleka hospitali aliyejaribu kujiua. Nchini Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kimeliweka jaribio la kujiua kuwa kosa, jambo ambalo mimi naliona ni kumwadhibu mgonjwa kwa ugonjwa wake. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinakiuka Katiba. Sheria isikufanye umfungie mtu ndani ukingoja apone kwa maziwa. Mpeleke, na mweleze daktari ukweli wote: amemeza nini, kiasi gani, saa ngapi. Tiba inategemea majibu hayo. Kwa walioko Kenya, namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo na hupokelewa na watu waliofunzwa kuzungumza na mtu aliye katika hali hiyo. Namba za aina hiyo ni vizuri zikawa kwenye simu yako kabla hazijahitajika.

Rafiki aliye mbali ana mahitaji yake. Wako dada zetu wanaofanya kazi za ndani Muscat na Dubai, ambao wana saa moja ya simu usiku, na saa hiyo yote huishia kuulizwa fedha za ada na bati. Kama una mmoja, mpigie siku ambayo huna cha kumwomba. Mtumie sauti, si maandishi; asikie kelele za nyumbani, kuku, adhana, watoto. Mpatie mwenzake wa huko huko atakayeweza kufika mlangoni, kwa sababu sauti yako haiwezi kumshika mkono.

Tunza siri yake kwa gharama yoyote isipokuwa uhai. Usipeleke habari kwenye kikundi cha familia "ili tumwombee". Muulize: nani ungependa ajue? Labda dada yake mmoja, labda hakuna zaidi ya hapo. Lakini usikubali kubaki peke yako katika kazi hii. Tafuteni watu wawili au watatu aliowaridhia, mgawane: huyu Jumatatu chakula, yule kumpeleka kliniki, wewe matembezi ya jioni. Rafiki aliyebeba yote peke yake huanza kwa upendo, baada ya miezi mitatu anakuwa na hasira, na mgonjwa huiona hasira hiyo kabla yake mwenyewe hajaijua. Ukichoka, sema umechoka, pumzika siku zako, mwachie mwenzako zamu. Lala. Una mtu wa kukusikiliza wewe? Mtafute. Na kama, Mungu apishe mbali, mkampoteza pamoja na yote mliyofanya, ugonjwa ndio uliomuua. Wewe ulikuwa upande wake.

Jiandaeni kwa safari ndefu. Wiki ya kwanza watu hujaa, mwezi wa pili wanabaki wawili, mwezi wa tano unaweza kubaki wewe. Kupona hakuendi kwa mstari: atacheka Jumamosi, Jumatatu asiamke, nawe utaona kazi yote imeharibika. Haijaharibika. Tazama mwezi kwa mwezi, usitazame siku kwa siku. Na akianza kurejea, mrudishie nafasi yake. Mwombe ushauri. Mkope shilingi elfu tano umrudishie. Mwache akubebee begi, akutanie, akukosoe. Hakuna anayetaka kuwa mgonjwa wa rafiki yake maisha yote.

Sonona ina tabia ya kurudi, kwa hiyo siku moja akiwa mzima, kaeni naye mwandike mambo machache: dalili zake za kwanza zilikuwa zipi, maana kwa mtu mmoja ni kuacha kunyoa ndevu na kwa mwingine ni kuacha kupokea simu za mama yake, dawa iliyomfaa na kipimo chake, kliniki na siku ya mtoa huduma wake, namba za watu wawili wa kupigiwa usiku, nini mlichomfanyia kikamsaidia, na nini hakukipenda ingawa mlikifanya kwa nia njema. Aandike pia ruhusa yake kwamba dalili hizo zikionekana, wewe uje bila kualikwa. Toeni nakala mbili, kila mmoja abaki na yake.